Ar-Razi: Tabibu aliyeshushiwa heshima kwa sababu ya kuuliza

Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mgonjwa aliyekwenda kwa tabibu mjini Rayy, katika nchi ambayo leo ni Iran, alibeba mkojo wake ndani ya chupa. Tabibu aliinyanyua chupa kwenye mwanga, akaitazama, kisha akataja ugonjwa. Aliyetaja bila kuuliza neno ndiye aliyehesabiwa kuwa bingwa.

Abu Bakr Muhammad ibn Zakariya ar-Razi, mmoja wa matabibu wakubwa kabisa wa zama zile, aliianza kazi yake kwa kufuata desturi hiyo. Katika maandishi yake ameeleza kwamba siku za mwanzo alipokea mkojo bila kumuuliza mgonjwa chochote, na watu wakamheshimu sana. Baadaye alipoanza kudadisi juu ya hali ya mgonjwa na maumivu yake, heshima hiyo ilipungua. Watu walidhani anauliza kwa kuwa hajui.

Ar-Razi alizaliwa Rayy mwaka 865 na aliingia katika utabibu akiwa mtu mzima. Alikuwa mkuu wa hospitali ya mji huo, kisha akasimamia hospitali huko Baghdad, makao ya makhalifa wa Bani Abbas. Wasimulizi wanamweleza kuwa mzee mwenye kichwa kikubwa, aliyeketi barazani na wanafunzi wamemzunguka safu kwa safu. Mgonjwa alieleza shida yake kwa safu ya mbele. Wakishindwa, shauri lilipelekwa kwa safu inayofuata, na wote wakishindwa, ndipo ar-Razi mwenyewe aliposema.

Biashara ya matumaini

Ar-Razi aliwajua vizuri matapeli waliojiita waganga. Katika kitabu alichomtungia Mansur ibn Ishaq, gavana wa Rayy, alifichua hila zao. Walikuwapo waliojifanya kutoa nyoka puani mwa mgonjwa au mdudu jinoni, ilhali walikuwa wamekificha kitu hicho mkononi tangu mwanzo. Mgonjwa alikiona kwa macho yake, akalipa, akaondoka akiwasifu.

Jambo hilo lilimkera kiasi cha kuandika risala maalumu kueleza kwa nini watu huwaacha matabibu hodari na kuwakimbilia walaghai. Alikiri kwamba hata tabibu mwenye ujuzi hawezi kuponya kila ugonjwa, na ukweli huo ni mchungu kwa mgonjwa. Laghai hana mzigo huo, kwani huahidi kila kitu, na akibahatisha mara moja, habari zake huenea mji mzima.

Wachumi wa zama zetu wameligusa jambo hilo hilo kwa maneno mengine. Mwaka 1963, Mmarekani Kenneth Arrow, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel, alieleza kuwa matibabu si bidhaa kama bidhaa nyingine. Anunuaye chungu aweza kukigonga na kusikiliza mlio wake kabla ya kutoa fedha. Mgonjwa hana namna ya kuijaribu tiba kabla ya kuitumia, na muuzaji anajua mengi kuliko mnunuzi. Pasipo uaminifu, biashara hiyo haina msingi.

Njia aliyoichagua

Ar-Razi hakurudi kwenye desturi ya ukimya. Aliendelea kuuliza na kuandika aliyoyaona kwa wagonjwa wake, na kutokana na uchunguzi wa namna hiyo aliweza kutofautisha ndui na surua katika risala iliyopata umaarufu mkubwa. Aliwahi hata kuwatoa damu baadhi ya wagonjwa waliokuwa na dalili za homa ya ubongo na kuwaacha wengine makusudi, ili alinganishe matokeo.

Alimtaka tabibu ampe mgonjwa matumaini hata pale ambapo mwenyewe ana shaka, kwa kuamini kwamba mwili hufuata hali ya nafsi. Mgonjwa naye alimshauri achague tabibu mmoja anayemwamini na kudumu naye, kwa sababu azungukaye kwa matabibu wengi huyabeba makosa ya kila mmoja wao.

Inasimuliwa kuwa aliwahurumia mafukara, akawauguza na kuwapa posho. Aliandika pia kitabu cha tiba kwa ajili ya mtu asiye na tabibu karibu naye. Hivyo ujuzi ambao wenzake waliulinda kama mali, yeye aliutoa kwa mtu asiyeweza kuulipia.

Mwisho wa maisha

Uzeeni ar-Razi alipofuka. Inasimuliwa kuwa tabibu mmoja alijitolea kumtibu, naye akamuuliza jicho lina tabaka ngapi. Yule mtu alishindwa kujibu, na ar-Razi akakataa kuguswa. Alifariki dunia mjini Rayy mwaka 925.

Daftari zake za uchunguzi zilikusanywa baada ya kifo chake zikawa kitabu kikubwa kiitwacho al-Hawi, kilichotafsiriwa kwa Kilatini mwaka 1279. Wanazuoni wa Ulaya walimwita Rhazes na kumsoma kwa karne nyingi.

Ar-Razi aliweza kumpima tabibu wake kwa swali moja kwa sababu mwenyewe alikuwa tabibu. Wagonjwa walio wengi hawana swali la namna hiyo. Kwao, dalili iliyo karibu zaidi ni ile iliyomshushia heshima ar-Razi: kwamba tabibu aliketi, akauliza, na akasikiliza jibu.