Woodrow Wilson: Msomi aliyeitilia saini dhuluma

Tumezoea katika ukurasa huu kuzipitia sira za watu waliotutangulia. Hatufanyi hivyo kwa ajili ya kuwatukuza wala kuwatukana maiti, bali ili walio hai wapate ibra. Leo tumemchagua Woodrow Wilson, Rais wa 28 wa Marekani. Vitabu vya shule humtaja zaidi kwa mambo mawili: kwamba alitetea haki ya mataifa kujiamulia mambo yao, na kwamba alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1919. Yote mawili ni kweli. Lakini uko upande mwingine wa maisha yake ambao haukusomeshwa sana, nao ndio unaotuhusu leo.

Wilson alizaliwa tarehe 28 Desemba 1856 katika mji wa Staunton, jimbo la Virginia, na akalelewa Augusta, jimbo la Georgia. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri, mtu wa elimu na ufasaha, ambaye alisimama mimbarini kuutetea utumwa kwa hoja za dini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomalizika mwaka 1865 na watumwa wakaachiwa huru, Wilson alikuwa na umri wa miaka minane. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aliyoyasikia utotoni kuhusu weusi na weupe hayakumtoka mpaka anaingia kaburini.

Ama elimu, aliipata kwa wingi. Alihitimu Princeton mwaka 1879, akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Virginia, kisha akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1886. Mpaka leo hakuna rais mwingine wa Marekani aliyefikia shahada hiyo. Mwaka 1902 akawa mkuu wa Princeton, na katika uongozi wake vijana weusi waliotaka kujiunga walikatishwa tamaa. Mwaka huohuo alichapisha historia ya Wamarekani katika majuzuu matano. Ndani yake aliwaonea huruma wazungu wa Kusini na kulitafutia udhuru kundi la Ku Klux Klan, lililokuwa likiwatisha na kuwaua weusi.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo tueleze jambo lililokuwa likivuma zama hizo miongoni mwa wasomi. Mwaka 1883 Mwingereza Francis Galton aliunda jina la eujeniki, yaani madai kwamba kizazi cha binadamu chaweza kuboreshwa kama mfugaji anavyoboresha mifugo: walio bora wazae kwa wingi, na wanaoitwa dhaifu wazuiwe wasizae. Nchini Marekani, Charles Davenport alifungua ofisi ya kukusanya kumbukumbu za koo za watu huko Cold Spring Harbor, New York, mwaka 1910. Umasikini, kifafa, ulevi na uhalifu vikahesabiwa kuwa ni maradhi ya damu. Rangi na asili ya mtu navyo vikatiwa katika mizani hiyohiyo.

Yapasa ifahamike kwamba fikra hii haikuwa mali ya chama kimoja. Indiana, jimbo la kwanza kutunga sheria ya kuwafunga watu kizazi kwa nguvu mwaka 1907, lilikuwa na gavana wa chama cha Republican. California iliyofuata mwaka 1909 ilikuwa vilevile. Wilson alikuwa wa chama cha Democratic. Mwaka 1911 akawa gavana wa New Jersey, na kabla ya miezi mitano kutimia, mwezi Aprili, alitia saini sheria ya kuruhusu kufungwa kizazi wagonjwa wa akili, wenye kifafa na wahalifu waliokuwa katika taasisi za jimbo. Mwaka 1913 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliibatilisha, katika kesi ya mwanamke mmoja mwenye kifafa. Mahakama ilimwokoa mama yule, lakini saini ya gavana ilikwisha kuandikwa.

Mwaka 1912 chama cha Republican kiligawanyika kati ya William Taft na Theodore Roosevelt, na Wilson akapita katikati yao. Katika kampeni aliwaahidi Wamarekani weusi kwamba angewatendea haki. Baadhi ya viongozi wao, akiwemo mwanazuoni W. E. B. Du Bois na mhariri William Monroe Trotter wa Boston, wakamwamini na kumuunga mkono, nao walikuwa wakikiacha chama cha Abraham Lincoln, ambacho weusi wengi walikihesabu kuwa chao.

Ahadi ni deni, na deni hili halikulipwa. Mwaka 1913 mawaziri wake wa Fedha na wa Posta walianza kuwatenga wafanyakazi weusi wa serikali: vyumba mbalimbali, vyoo mbalimbali, meza za chakula mbalimbali. Mwaka 1914 waombaji wa kazi za serikali wakatakiwa kuambatanisha picha, na picha hujulisha rangi. Novemba mwaka huo Trotter aliongoza ujumbe kwenda Ikulu kumkumbusha Rais ahadi yake. Wilson alieleza kwamba utengano huo ulikuwa na manufaa kwa weusi wenyewe. Trotter alipomjibu bila woga, Rais alichukizwa na sauti yake na akamaliza mazungumzo.

Februari 1915 ilionyeshwa Ikulu filamu ya The Birth of a Nation, iliyotokana na riwaya ya Thomas Dixon, aliyesoma pamoja na Wilson huko Johns Hopkins. Filamu hiyo iliwapamba Ku Klux Klan kuwa mashujaa, na maneno ya kitabu cha Wilson yaliwekwa ndani yake. Kabla ya mwaka kwisha, kundi hilo lililokuwa limekufa lilifufuliwa karibu na mji wa Atlanta.

Insafu inatutaka tutaje na mema yake. Wafanyakazi wa reli walipata siku ya kazi ya saa nane mwaka 1916. Alimteua Louis Brandeis kuwa jaji wa kwanza Myahudi katika Mahakama ya Juu ya nchi. Mara mbili, mwaka 1915 na 1917, aliikataa miswada ya kuwazuia wahamiaji wasiojua kusoma, ingawa mara ya pili Bunge lilimshinda kwa kura. Mtu hawi mweusi tii wala mweupe pepe katika matendo yake yote.

Vita Kuu ilipokwisha, Wilson alikwenda Paris mwaka 1919 akiwa tumaini la wanyonge wengi. Japani ilileta pendekezo kwamba usawa wa mataifa uandikwe katika mkataba wa Shirikisho la Mataifa. Tarehe 11 Aprili, wajumbe 11 kati ya 17 wa kamati walikubali. Wilson, aliyekuwa mwenyekiti, aliamua kwamba jambo zito kama hilo lilihitaji kauli moja ya wote, na pendekezo likaanguka. Mwezi huohuo Marekani iliutambua utawala wa Uingereza juu ya Misri, ilhali Saad Zaghloul na wenzake walikuwa wamefunga safari ya Paris kudai uhuru wao. Trotter naye, aliyenyimwa pasi ya kusafiria, alivuka bahari akifanya kazi ya upishi melini ili apeleke kilio cha weusi. Wilson hakumpokea.

Habari hii inagusa hata kwetu. Shirikisho hilo, ambalo Wilson alikuwa mwasisi wake mkubwa, liliidhinisha mgawanyo wa makoloni ya Ujerumani kwa msingi kwamba wenyeji hawakuwa bado na uwezo wa kusimama wenyewe. Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza, na Rwanda na Burundi chini ya Ubelgiji. Wenyeji hawakuulizwa.

Oktoba 1919 Wilson alipatwa na kiharusi kilichompooza upande mmoja wa mwili, naye akafariki tarehe 3 Februari 1924. Yaliyotokea ndani ya miezi minne baada ya mauti yake yanatosha kuwa funzo. Mwezi Machi, Virginia, jimbo alikozaliwa, lililokuwa mikononi mwa Democratic, lilipitisha kwa siku moja sheria ya kuwafunga watu kizazi na sheria kali ya kukataza ndoa za weupe na wasio weupe. Mwezi Mei, Rais Calvin Coolidge wa Republican alitia saini sheria ya uhamiaji iliyowafungia mlango watu wa Asia na kuwapunguza mno watu wa Ulaya ya Kusini na Mashariki. Mshauri wa kamati ya Bunge alikuwa Harry Laughlin wa ofisi ile ya Cold Spring Harbor, na wabunge wa vyama vyote viwili waliipigia kura.

Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya nchi iliihalalisha sheria ya Virginia katika kesi ya msichana masikini Carrie Buck, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja. Brandeis alikuwa miongoni mwa wale wanane. Kwa miaka iliyofuata zaidi ya watu 60,000 nchini Marekani walifungwa kizazi, na Ujerumani ya Hitler, ilipotunga sheria yake mwaka 1933, ilikuwa na mfano wa kuigiza.

Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Princeton kililiondoa jina la Wilson katika kitivo chake cha siasa za umma. Jina hufutika ukutani kwa siku moja, lakini waliofungwa kizazi hawakupata watoto, na waliofukuzwa kazini hawakurudishiwa miaka yao.

Ndugu msomaji, Wilson hakuwa jahili. Alisoma kuliko marais wote wa nchi yake, na usomi huo ulimpa maneno mazuri ya kuipamba dhuluma. Wala dhuluma haikuwa na kadi ya chama kimoja. Basi anayetaka kumpima kiongozi asitazame shahada zake, ufasaha wake wala rangi ya bendera yake, bali atazame alichokitia saini na ni nani aliyekilipia.