Rocky Marciano: Bingwa aliyefariki bila kujua kama alimshinda Ali

UKIPITA penye vibanda vya gemu mjini Kitui, Mwingi au Wote jioni ya wikendi, utasikia ubishi uleule: kati ya mabondia wakali wa zamani, nani angemlaza nani? Mmoja anashika padi na kuchagua Muhammad Ali, mwenzake Rocky Marciano, halafu mashine inaamua.

Kile madogo wengi hawajui ni kwamba pigano hilo la kubuni lilifanyika zaidi ya miaka 50 iliyopita, na Marciano mwenyewe alikuwa ndani yake akitoka jasho la kweli.

Jina lake la kuzaliwa ni Rocco Francis Marchegiano. Alizaliwa Septemba 1, 1923 katika mji wa Brockton, Massachusetts, Marekani, katika familia ya wahamiaji kutoka Italia. Babake alikuwa kibarua wa kiwanda cha viatu, akizeekea humo kama wazee wa Kibwezi walivyozeekea kwenye mashamba ya mkonge. Rocco hakuyataka maisha hayo.

Ndoto yake ilikuwa besiboli. Mwaka wa 1947 alijaribu bahati katika timu ndogo iliyokuwa chini ya Chicago Cubs, wakamrudisha nyumbani. Ndipo akazama kwenye ndondi, mchezo alioanza kuuonja akiwa jeshini.

Kwa karatasi, jamaa hakutisha. Alikuwa na urefu wa takriban mita 1.79 tu na mikono mifupi kwa bondia wa uzani wa juu. Alikuwa pia amechelewa kuanza. Kocha wake, Charley Goldman, hakuhangaika kubadilisha maumbile. Alimfunza kuinama, kupita chini ya ngumi za mpinzani na kuachilia mkono wa kulia akiwa karibu kabisa.

Oktoba 1951 alimwangusha Joe Louis, shujaa wake wa utotoni, katika raundi ya nane. Septemba 23, 1952 akakutana na bingwa wa dunia Jersey Joe Walcott jijini Philadelphia. Raundi ya kwanza tu, Marciano alikuwa sakafuni. Kufikia raundi ya 13 alikuwa nyuma kwa pointi. Kisha ngumi moja ya kulia ikamaliza kila kitu, na taji likawa lake.

Alilitetea mara sita, kisha akastaafu Aprili 1956 akiwa na mapigano 49, ushindi 49, na 43 kati ya hizo kwa KO.

Hadithi ingeishia hapo, lakini mwaka wa 1967 mtayarishaji wa vipindi wa Miami, Murray Woroner, alilisha kompyuta ya NCR 315 rekodi za mabingwa 16 wa zamani na wa wakati huo. Matokeo yalitangazwa redioni kama mechi halisi. Marciano alitwaa ubingwa kwa kumshinda Jack Dempsey. Ali naye alitolewa na Jim Jeffries. Alichemka, akaenda kortini kudai dola milioni moja.

Waliafikiana nje ya korti: Ali alipwe dola 10,000 na aigize filamu ya kupigana na Marciano. Wakati huo Ali alikuwa amepokonywa taji na kufungiwa nje ya ulingo kwa kukataa kwenda jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Hakuwa na pigano lingine la kupata.

Mwaka wa 1969, Marciano, 45, alipunguza zaidi ya kilo 20, akavaa nywele za bandia na kuingia studioni Miami. Walirekodi raundi fupi fupi kwa makumi, pamoja na miisho kadhaa tofauti. Hakuna kati yao aliyeambiwa mshindi ni nani.

Agosti 31, 1969, siku moja kabla ya kutimiza miaka 46, ndege ndogo aliyoabiri ilianguka karibu na Newton, Iowa. Marciano alikufa papo hapo.

Filamu ilionyeshwa Januari 20, 1970 katika kumbi zipatazo 1,500. Kompyuta ilisema Marciano ameshinda kwa KO, raundi ya 13, raundi ileile aliyomlaza Walcott. Ali alitania kwamba mashine hiyo lazima ilitengenezwa Alabama, jimbo lililovuma kwa ubaguzi wa rangi.

Utani huo ulikuwa na uzito. Kompyuta hujua tu ilicholishwa, na wanaoilisha ni watu wenye mapenzi na chuki zao. Oktoba 1974 jijini Kinshasa, wajuzi wengi walikuwa wamempa George Foreman ushindi. Ali akamzima katika raundi ya nane.

Marciano naye, kama angepimwa kwa urefu wa mikono yake tu, hangefika mbali. Pigano la 50 alipewa na mashine. Yale 49 aliyapigania mwenyewe, na hayo hayahitaji ubishi.