Mwimbaji Aliyezikwa Nzaui: Maisha ya Peter Cameron Scott (1867–1896)



Katika kijitabu hiki mtasoma historia ya kwaya yetu, majina ya viongozi na ratiba ya siku. Kamati ilituomba pia tuandike habari za mtu mmoja wa imani ambaye maisha yake yanaweza kutufundisha tunapoadhimisha jubilii. Hatukwenda mbali kumtafuta. Kaburi lake liko hapa Makueni, chini ya mlima Nzaui, ule tunaouona tukisafiri kutoka Emali kwenda Wote. Wengi wetu tunalijua jina la Scott kwa sababu ya chuo kilichoko Machakos. Ni wachache wanaojua kwamba kabla ya kuwa mmisionari, Scott alikuwa mwimbaji.

KUZALIWA NA KIPAJI CHAKE

Peter Cameron Scott alizaliwa tarehe 7 Machi 1867 mjini Glasgow, Scotland, katika nyumba ya watu wanaomcha Mungu. Alipokuwa bado mtoto, wazazi wake walihamia Marekani, wakakaa Philadelphia. Huko ikaonekana kwamba kijana huyu amejaliwa sauti nzuri kuliko kawaida. Akapata mwalimu Mwitaliano aliyemfundisha kuimba, na wanaojua mambo ya muziki wakaona angeweza kufika mbali.

Wazazi wake hawakupenda aende kuimba katika majumba ya opera. Waliogopa kwamba sifa za watu zingemmeza. Lakini kijana alikuwa na moyo wake. Siku moja alijibu tangazo la jumba la opera lililokuwa likitafuta waimbaji, akaenda kujaribiwa. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akipanda ngazi za jumba lile, swali lilimjia moyoni kwa nguvu sana: je, sauti hii ataitumia maisha yake yote kujitafutia utukufu, au atampa Mungu aliyeitoa? Akasimama pale ngazini akishindana na nafsi yake. Mwishowe akageuka, akashuka, akaenda zake.

Tuangalie vizuri jambo hili. Tukisikia neno toba, mara nyingi tunamfikiria mlevi au mwizi. Scott hakuwa mlevi wala mwizi. Alikuwa mtoto wa nyumba ya maombi, mwenye kipaji, na kuimba si dhambi. Alichotubu ni kwamba zawadi ya Mungu alikuwa akiishika kama mali yake. Toba ya namna hii ni ngumu, maana mtu anaweza kukaa nje yake miaka mingi huku kila Jumapili amevaa sare na kusimama mbele ya kanisa.

KONGO: KABURI LA NDUGU YAKE

Baada ya hapo Scott aliingia chuo cha kuwaandaa wamisionari mjini New York, kilichoanzishwa na mhubiri A. B. Simpson. Akawekewa mikono mwaka wa 1890, na mwanzoni mwa 1891 akapanda meli kwenda Kongo, upande wa bahari ya magharibi. Miezi michache baadaye ndugu yake John akamfuata ili wafanye kazi pamoja.

John hakukaa. Homa ilimchukua muda mfupi tu baada ya kufika. Hapakuwa na fundi wa kutengeneza jeneza wala kanisa la kuja kuimba. Peter alipigilia mbao kwa mikono yake mwenyewe, akachimba kaburi, akamzika ndugu yake. Kwa desturi zetu, mtu akifiwa majirani hujaa nyumbani, kina mama wakapika, vijana wakachimba kaburi, na kwaya ikakesha. Tufikirie mtu aliyefanya kazi hizo zote peke yake, katika nchi ya ugeni, na anayemzika ni ndugu aliyekuja kwa kumfuata yeye.

Kaburini pale Peter alijitoa kwa Mungu upya. Lakini haikupita muda, naye akaugua vibaya. Mwaka wa 1892 ilibidi arudishwe Uingereza akiwa mgonjwa. Kwa macho ya wanadamu alikuwa ameshindwa kabisa. Aliacha kuimba, akaenda Afrika, akampoteza ndugu, na sasa amerudi mikono mitupu.

LONDON: MBELE YA KABURI LA LIVINGSTONE

Akiwa bado anapata nafuu, Scott aliingia katika kanisa la Westminster Abbey, London, mahali alipozikwa David Livingstone. Juu ya jiwe la kaburi lile pamechorwa maneno ya Bwana Yesu kutoka Injili ya Yohana, sura ya 10, yanayohusu kondoo wengine walio nje ya zizi, ambao Yeye hana budi kuwaleta. Scott alipiga magoti pale. Alipoinuka alijua kwamba kazi yake haijaisha.

Alipata maono ya kuanzisha mfululizo wa vituo vya Injili, kuanzia Mombasa kupita bara hadi karibu na Ziwa Chad. Mwaka wa 1895 huko Philadelphia ikaundwa Africa Inland Mission, na mwezi Agosti mwaka huo kundi la kwanza la watu wanane likasafiri. Kiongozi wao alikuwa Scott, na mmoja wao alikuwa dada yake Margaret. Wazazi waliokuwa wamemzika mtoto mmoja Afrika walikubali kuwaachilia wengine wawili.

NZAUI: MWAKA MMOJA TU

Walifika Mombasa mwezi Oktoba. Reli haikuwa imejengwa bado. Walisafiri na wapagazi katika njia ya misafara, wakapita nyika kavu ya Taru na Tsavo, zaidi ya kilomita 300, mpaka wakafika Ukambani. Tarehe 12 Desemba 1895 walifika Nzaui, wakaanza kazi hapo.

Hawakuwa wa kwanza kuleta Neno Ukambani. Johann Ludwig Krapf alikuwa amefika kwa Chifu Kivoi huko Kitui mwaka wa 1849. Naye alikuwa mtu wa mateso, kwa kuwa mwaka wa 1844 alimzika mke wake Rosine pamoja na mtoto wao mchanga huko Mombasa. Safari zake za Ukambani hazikuacha kanisa hata moja. Kwa hiyo Scott alipofika, ardhi hii ilikuwa imengojea zaidi ya miaka 40.

Alifanya kazi kama mtu anayejua kwamba siku ni chache. Wakajenga, wakajifunza Kikamba, wakatibu wagonjwa, wakakusanya watoto kuwafundisha. Mwaka ulipokuwa haujaisha, vituo vilikuwa vinne: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Wafanyakazi wengine walikuja, wakiwemo wazazi wake Scott na dada yake Ina. Familia nzima ilikuwa imehamia Ukambani. Scott alitembea kwa miguu kutoka kituo hadi kituo, kwenye jua na mvua, katika milima hii ya jirani zetu ambayo leo tunaipanda kwa matatu na bado tunalalamika.

Mwishoni mwa 1896 mwili ukakataa. Akashikwa na homa kali, ile ya malaria inayougeuza mkojo kuwa mweusi. Tarehe 4 Desemba 1896 Peter Cameron Scott akalala, akiwa na umri wa miaka 29. Akazikwa Nzaui. Tangu alipofika hapo hata mwaka mmoja kamili ulikuwa haujatimia. Zilibaki siku nane.

BAADA YA KUFA KWAKE

Tungependa kuandika kwamba mara tu baada ya kifo chake uamsho ulianza. Haikuwa hivyo. Wafanyakazi wenzake wengine walikufa kwa homa, wengine wakavunjika moyo wakarudi kwao. Halafu ikaja njaa kubwa ya 1898 na 1899, ile wazee wetu waliyoiita Yua ya Ngomanisye, ikifuatana na ndui, baada ya ng'ombe kumalizwa na sotoka. Watu wengi sana wa Ukambani walikufa. Kufikia katikati ya 1899, misheni iliyokuwa na watu kama 15 ilikuwa imebaki na mtu mmoja tu, William Gangert. Mtu yeyote mwenye akili angesema kazi imekwisha.

Lakini Mungu hakuwa na haraka. Charles Hurlburt alichukua uongozi, akaja na familia yake mwaka wa 1901, na mwaka wa 1903 makao makuu yakahamia Kijabe. Kutoka hapo kazi ikaingia Tanganyika mwaka wa 1909, Kongo 1912, Uganda 1918, na Afrika ya Kati 1924, kuelekea upande ule ule wa Ziwa Chad ambao Scott aliuona akiwa bado kijana mgonjwa. Agano Jipya la Kikamba lilichapishwa mwaka wa 1920, na Biblia nzima mwaka wa 1956. Mwaka wa 1962 chuo cha theolojia kilifunguliwa Machakos kikapewa jina la Scott, na mwaka wa 1997 kikawa chuo kikuu. Mwaka wa 1971 misheni ilikabidhi kazi kwa kanisa la Waafrika wenyewe, Africa Inland Church. Scott hakuona hata moja ya hayo.

Wala tusiseme kwamba wote waliokuja baada yake walikuwa wakamilifu. Wapo waliodhani kwamba ngoma na mtindo wetu wa kuimba ni vya giza, wakatutaka tuviache mlangoni pamoja na jina la zamani. Leo kayamba na ngoma vinalia ndani ya kanisa na Bwana anasifiwa. Mungu aliwavumilia wao pia, kama anavyotuvumilia sisi.

FUNZO KWETU

Kwa nini Mungu alimwacha kijana wa miaka 29 afe, baada ya kumwondoa kwenye ngazi za opera na kumpitisha Kongo? Hatuna jibu, na tusijifanye tunalo. Hapa Malili tumezika watu wetu waliokufa katika barabara kuu ya Mombasa. Tumepanda mahindi na ndengu, mvua ikakata kabla ya maua. Mtu akiteswa, tusiwe wepesi kumuuliza amekosa nini. Scott hakufa kwa sababu alimkosea Mungu. Tunachoweza kusema ni kwamba mateso yake hayakupotea mkononi mwa Bwana.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, kuna mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunza shamba akauombea mwaka mmoja zaidi, apate kuuchimbia pembeni na kuutia mbolea. Sisi tumeusoma mfano huo pamoja na maisha ya Scott. Yeye alipewa mwaka mmoja wa kuchimba, akachimba, akaenda. Sisi ndio mti, na tumepewa miaka mingi kuliko yeye.

Hatuandiki haya kama watakatifu. Washirika wanakumbuka kwamba kuna mwaka kwaya yetu ilinyamaza miezi saba. Tuligombana kuhusu nani aongoze nyimbo na pesa za albamu ziko wapi. Sauti ya kwanza haikusalimiana na sauti ya pili, na wengine wetu tulikaa viti vya nyuma tukisubiri wenzetu waaibike. Wazee wa kanisa hawakutufuta. Waliendelea kutuombea, na kila Jumapili mzee mmoja aliuliza kwa upole kama kwaya ina wimbo. Hatukuwa nao. Hatimaye, Jumamosi moja jioni, mama mmoja wa sauti ya pili alisimama katikati yetu, akaomba msamaha kwa maneno yake mwenyewe bila kutaja kosa la mtu mwingine. Baada yake wakasimama wengine. Usiku ule hatukufanya mazoezi. Tulilia, tukaomba, tukaenda nyumbani. Kesho yake mzee alipouliza, tulikuwa na wimbo.

Ndiyo sababu tunasema jubilii hii haikuja kwa sababu tumeimba vizuri. Tunahesabu miaka ambayo Bwana angeweza kutukata na hakutukata. Kila mmoja wetu ana ngazi zake, na si lazima ziwe za opera. Zaweza kuwa kamera ya kurekodi, mashindano ya kwaya, kiti cha mwenyekiti, au kupigiwa makofi na wageni. Swali lililomsimamisha Scott linatungoja hapo. Na kama kuna aliyekwisha kuzipanda akafika juu, bado anaweza kushuka. Uvumilivu wa Mungu ni nafasi ya kutubu, na nafasi hiyo ingalipo leo.

Tunapoimba siku hii, tuwakumbuke waliokuwa nasi tulipoanza na sasa wamelala. Tumkumbuke pia kijana yule wa Nzaui aliyeiweka sauti yake chini. Nyimbo tunazoimba leo katika lugha zetu, milimani na nyikani kote Makueni na Kitui, ni sehemu ya mavuno ya mwaka wake mmoja.

Bwana atupe neema ya kuimba kwa ajili yake tu, na subira ya kungoja wakati wake. Amina.

Katibu, kwa niaba ya kwaya