Tom Blake: Jamaa aliyeutoboa ubao matundu ili aende kasi

Geuza ubao wa kuteleza juu ya mawimbi na karibu kila mara utakuta pezi kwenye mkia. Kumbe hadi miaka ya 1930 mbao hizo hazikuwa na kitu chini. Aliyebadilisha mambo ni Mmarekani Tom Blake.

Blake alizaliwa 1902 Milwaukee, jimbo la Wisconsin, mbali kabisa na bahari. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu kabla mtoto hajatimiza mwaka, akalelewa na ndugu.

Mwaka 1920, akiwa Detroit, alikutana kwenye jengo la sinema na Duke Kahanamoku, bingwa wa kuogelea wa Olimpiki kutoka Hawaii. Walipeana mkono tu, lakini salamu ile ikabadili maisha yake. Akahamia California, akawa muogeleaji hodari, na 1924 akafika Hawaii.

Huko Honolulu, kwenye jumba la makumbusho la Bishop Museum, alikuta mbao za kale za machifu, ziitwazo olo. Zilikuwa ndefu mno. Blake akazikarabati na kuzichunguza. Ubao mrefu, ukijisukuma kwa mikono, unateleza mbali kwa kila mkono unaopiga. Tatizo ni uzito.

Basi 1926 akachonga nakala yake, akaitoboa mamia ya matundu, akaiacha ikauke, kisha akaifunika kwa mbao nyembamba. Ndani hewa, nje ubao! Baadaye akaacha kutoboa, akajenga kwa mataruma kama ya mashua na kuyafunika. Uzito ukashuka sana, na hata mtu asiye na misuli mikubwa akaweza kulifukuza wimbi.

Blake alipovunja rekodi za mbio Honolulu, wapo waliolalamika kuwa ushindi ni wa ubao, siyo wa mtu. Manung'uniko hayo yalimuuma, maana Hawaii aliipenda. Hata hivyo hakuacha. Mwaka 1932 alipata hataza ya ubao wake, na mwaka huohuo akavuka kwa mikono mlango wa bahari kati ya California na kisiwa cha Catalina, zaidi ya kilomita 35.

Ila kasi ilikuja na shida. Ubao mrefu ulikuwa mgumu kukata kona. Kwenye wimbi kali mkia uliteleza pembeni, na mpandaji alilazimika kuburuta mguu majini ili aelekee anakotaka.

Mwaka 1935, Waikiki, Blake akachukua mkuku mdogo wa boti iliyotelekezwa, akaufunga chini ya mkia. Alipoingia majini, ubao ulishika njia. Sababu ni rahisi: pezi huyazuia maji yasiupeleke mkia kando, hivyo mpandaji akiinamisha ubao, unageuka badala ya kuserereka.

Watu hawakulikimbilia pezi hilo mara moja. Ilichukua takriban miaka kumi kuenea. Mbao zenye uwazi ndani zilipitwa na wakati povu gumu lilipoingia, lakini pezi limebaki, na ndilo lililofungua mlango wa kona kali tunazoziona leo kwenye simu zetu.

Blake alifariki 1994 akiwa na miaka 92, jimboni kwao Wisconsin, mbali na bahari kama alivyozaliwa.