Benedicto Kiwanuka: Jaji Mkuu aliyetwaliwa ofisini mwake

Mtu akikamatwa leo Rukoki au Bwera, Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inawataka waliomkamata wamfikishe mahakamani ndani ya saa 48, na mahakama inaweza kuamuru aachiliwe. Mwaka 1972, amri ya namna hiyo ilimgharimu Benedicto Kiwanuka uhai wake.

Kiwanuka alizaliwa mwaka 1922 huko Buddu, Masaka. Alitumikia jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akasomea sheria London, na mwaka 1958 akawa kiongozi wa chama cha DP. Ni wachache waliopita katika mihimili yote mitatu ya dola kama yeye. Alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, kisha akawa Waziri Mkuu Machi 1962, mwezi uleule ambao wajumbe wa Bakonzo na Baamba walitoka nje ya baraza la Toro. Wadhifa huo haukudumu. Uchaguzi wa Aprili ulimpa nafasi Milton Obote, ambaye mwaka 1969 alimweka Kiwanuka kizuizini.

Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971 alimfungua, na mwaka huohuo akamteua Jaji Mkuu, raia wa kwanza wa Uganda kushika cheo hicho.

Bunge lilikuwa limekwisha kuvunjwa. Amin alitunga sheria kwa amri zake, naye huyohuyo akazitekeleza. Wanajeshi wakapewa uwezo wa kukamata raia. Uliobaki ni mhimili wa Mahakama, nao hauna askari wala hazina. Silaha yake ni karatasi yenye muhuri, ambayo mwenye bunduki aweza kuitii au kuichana.

Septemba 1972 Kiwanuka alipelekewa ombi la mfanyabiashara Mwingereza aliyeshikiliwa na wanajeshi. Kwa hali ya siku zile, Mwingereza hakuwa mtu wa kutetewa kwa faida. Jaji Mkuu aliamua kwamba kuzuiliwa kwake hakukuwa halali, akaamuru aachiliwe.

Siku chache baadaye wafuasi wa Obote walivamia kutoka Tanzania, na msako mkali ukaanza nchini. Tarehe 21 Septemba, watu wenye silaha waliovaa kiraia waliingia Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamtoa ofisini mwake na kumtia garini. Hakuonekana tena, na familia yake haikupata mwili wa kuzika.