Pierre Brichard, mzamiaji aliyewatangaza samaki wa mawe ya Tanganyika

Asubuhi isiyo na ukungu, mtu anayesimama kwenye bandari ya Kalundu, kusini mwa mji wa Uvira, huiona Bujumbura ng'ambo ya ziwa. Ni katika mji huo ambapo Mbelgiji Pierre Brichard alihamia mwaka 1971 na kuanzisha kazi iliyobadilisha namna dunia inavyolifahamu Ziwa Tanganyika. Wakati wavuvi wa pande zote mbili walitafuta ndagala, mukeke na sangala, yeye alitafuta samaki wadogo wanaoishi kati ya mawe, wengi wao wakiwa hawazidi urefu wa kidole.

Brichard alifariki mwaka 1990. Huko Ulaya na Marekani, watu wanaofuga samaki ndani ya masanduku ya vioo bado wanamtaja kama mtu aliyewafungulia mlango wa ziwa hili. Maisha yake yanawahusu sana pia wakaaji wa Uvira na Fizi, kwa sababu sehemu ya utajiri alioutangaza iko chini ya maji yao.

Alianzia kwenye mto Kongo

Kabla ya kuja Tanganyika, Brichard aliishi Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Katika miaka ya 1950 alikuwa akikamata samaki wa mto Kongo na kuwauza nje ya nchi wakiwa hai. Chini kidogo ya mji huo mto unaingia kwenye maporomoko, na ndani ya maji hayo makali wanaishi samaki wenye maumbo ya pekee, waliozoea kujibana chini ya mawe ili wasichukuliwe na mkondo.

Samaki ambao hakuwatambua aliwapeleka kwa wataalamu. Mmoja wao alikuwa Max Poll, mtaalamu wa samaki wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 1959, Poll alizipa aina mbili za maporomoko hayo jina la Brichard: Teleogramma brichardi na Synodontis brichardi. Hivyo ndivyo walivyoshirikiana kwa miaka mingi. Mfanyabiashara alileta samaki, na mtaalamu akawaandika katika elimu.

Uvira ilikuwa imetangulia

Brichard alipofika ziwani, kazi ya utafiti ilikuwa imeanza zamani, na sehemu yake kubwa ilifanyika Uvira. Taasisi ya utafiti ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947 chini ya utawala wa Wabelgiji, iliweka hapo kituo chake cha elimu ya maji. Mwaka 1950, Poll aliandika juu ya samaki mdogo wa mawe na kumwita Tanganicodus irsacae, kwa heshima ya taasisi hiyo.

Mtafiti Georges Marlier, aliyefanya kazi katika kituo cha Uvira, aliandika mwaka 1959 juu ya samaki aliyemwita Tropheus duboisi. Samaki huyo alipatikana Bemba, kwenye pwani ya mawe iliyo kusini mwa Uvira. Akiwa mdogo ana rangi nyeusi yenye madoa meupe, kama usiku wenye nyota. Marlier mwenyewe alipewa jina la samaki mwingine, Julidochromis marlieri.

Hata hivyo, mengi yalikuwa bado hayajulikani. Nyavu za wavuvi hunasa na kupasuka kwenye mawe, na ndoana haiwapati samaki wanaokula majani madogo yanayoota juu ya jiwe. Aina nyingi zilijulikana kwa mizoga michache tu iliyohifadhiwa ndani ya chupa Ulaya. Namna ya kuwaona wakiishi ilikuwa kuwafuata walipo.

Kazi ya chini ya maji

Hiyo ndiyo njia aliyoishika Brichard. Yeye na watu wake walizamia wakiwa na chupa za hewa mgongoni, wakawazingira samaki kwa nyavu karibu na mawe na kuwasukuma humo polepole.

Ni kazi ya hatari. Kila mita 10 ambazo mtu anashuka, maji yanamkandamiza zaidi, na hewa anayovuta inaingia katika damu kwa wingi kuliko kawaida. Akipanda haraka, hewa hiyo inafanya mapovu mwilini ambayo yanaweza kumlemaza au kumuua. Tanganyika iko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, hivyo mahesabu ya muda yaliyotengenezwa kwa ajili ya bahari hayatoshi, na mzamiaji anapaswa kujiwekea tahadhari zaidi. Tena kuna mamba na viboko, hasa karibu na midomo ya mito kama Rusizi.

Samaki naye anaumia hivyo hivyo. Ndani ya tumbo lake kuna mfuko wa hewa unaomsaidia kuelea. Akitolewa kilindini kwa haraka, mfuko huo unavimba na anakufa. Ndiyo sababu samaki wa mbali chini hupandishwa kidogo kidogo, wakiachwa ndani ya vyombo vilivyozamishwa hadi miili yao izoee.

Ziwa lina urefu wa kilomita karibu 670, na sehemu nyingi za mawe ziko mbali na barabara na miji. Anayetaka kuzifikia anapaswa kubeba ndani ya mashua mashine ya kujaza hewa, mafuta, chakula na mahali pa kulala. Leo watalii hulipa pesa nyingi kwa safari za namna hiyo. Wanalala siku kadhaa ndani ya mashua na kuzamia kando ya visiwa vya matumbawe vya Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Tanganyika haina matumbawe, lakini mawe yake yanafanya kazi ileile: yanawapa samaki chakula, mashimo ya kujificha na mahali pa kulelea watoto.

Kila mawe na samaki wake

Jambo kubwa lililoonekana kupitia kuzamia ni kwamba pwani ya ziwa haifanani. Samaki wa kundi la Tropheus ni mfano mzuri. Wanakula kwenye mawe na kujificha humo, na hawapendi kuvuka mchanga mpana. Ghuba ya mchanga au mdomo wa mto unatosha kutenganisha vizazi vyao kwa muda mrefu sana. Matokeo yake, wa pwani moja wanakuwa na rangi tofauti kabisa na wa pwani ya jirani. Wale wa Bemba, kwa mfano, ni weusi wenye mkanda wa rangi ya chungwa. Jike hubeba mayai machache tu mdomoni mwake, kwa muda wa karibu mwezi mmoja, kwa hiyo hawaongezeki haraka.

Mwaka 1974 Poll alitoa tena jina la Brichard kwa samaki wawili wa ziwa, Chalinochromis brichardi na Lamprologus brichardi. Mwaka 1975 watafiti wengine waliandika juu ya Tropheus brichardi. Huyo Lamprologus, mwenye mapezi marefu kama nyuzi, alipata sifa duniani akiitwa binti mfalme wa Burundi. Watafiti waliomchunguza baadaye waliona kwamba watoto waliokua hubaki nyumbani na kusaidia kulinda wadogo zao, jambo lisilo la kawaida kwa samaki.

Brichard alikusanya aliyoyaona katika vitabu viwili vikubwa vya Kiingereza, cha kwanza mwaka 1978 na cha pili mwaka 1989, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Binti yake aliendeleza biashara huko Bujumbura.

Biashara yenye maswali

Brichard aliishi kwa kuuza samaki. Waliwekwa ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, wakapandishwa ndege kwenda nchi za mbali. Biashara hiyo iliwapa watu kazi na ikalipa umaarufu ziwa ambalo wageni wengi hawakulijua. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walijifunza kuwazalisha wengi wa samaki hao katika masanduku yao.

Lakini samaki anayepatikana katika pwani moja tu, tena mwenye mayai machache, anaweza kumalizwa na wazamiaji wachache wenye tamaa. Pia sehemu kubwa ya faida na elimu ilibaki mbali. Vitabu viliandikwa kwa lugha za kigeni, na samaki wa Uvira na Fizi wakaitwa kwa majina ya Wazungu, huku majina waliyopewa na wavuvi yakikosa nafasi.

Kinachobaki Kalundu

Leo hatari kubwa kwa mawe hayo inatoka mlimani. Miti ya milima inayoinuka nyuma ya Uvira imekatwa sana, na mvua kubwa hushusha udongo hadi ziwani. Mafuriko ya Aprili 2020 yaliua watu na kubomoa nyumba nyingi mjini. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda na kuingia katika nyumba za Kalundu. Udongo unapotua juu ya mawe, unafunika chakula cha samaki na kuziba mashimo yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba mahali ambapo milima imeharibiwa, aina za viumbe majini zinapungua.

Congo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia saini mwaka 2003 mkataba wa kulinda ziwa. Kituo cha utafiti wa maji cha Uvira, CRH, kimerithi kazi iliyoanzishwa wakati wa IRSAC. Kazi ya Marlier na ya Brichard inawapa sababu iliyo wazi: samaki wa Bemba, mawe yake yakifunikwa na udongo, hawezi kuvuka mchanga kwenda kutafuta makao mengine.