Asiyejua Kusoma Si Zuzu

Mwaka 1925, katika wilaya ya mashambani ya Greene, jimbo la Iowa nchini Marekani, daktari mmoja aliwaomba walimu wamletee wanafunzi waliodhaniwa kuwa wazito wa akili. Daktari huyo ni Samuel Orton, mzaliwa wa Ohio mwaka 1879. Miongoni mwa walioletwa alikuwemo kijana wa miaka 16 ambaye kusoma kulikuwa kumemshinda kabisa. Kipimo cha akili kilimweka chini sana, lakini Orton alipomchunguza kwa makini aliona kwamba kasoro ilikuwa katika kipimo, si katika akili ya kijana.

Tangu hapo alishikilia kuwa mtoto aweza kuwa na akili timamu na bado maandishi yakamlemea. Dhana yake kuhusu chanzo, kwamba pande mbili za ubongo hushindania utawala, haikuthibitishwa. Kilichodumu ni njia yake ya kufundisha: sauti na herufi hatua kwa hatua, jicho, sikio na mkono vikishirikiana. Anna Gillingham, aliyefanya kazi naye, aliifanya kuwa mwongozo wa walimu. Orton aliaga dunia mwaka 1948.

Kwa nini basi ninamleta Nyamira? Ekegusii kina irabu saba, ilhali huandikwa kwa herufi tano. E na o hubeba sauti mbili mbili. Kiswahili kina irabu tano tu. Nacho Kiingereza, tahajia yake haifuati matamshi. Mtoto wetu hukabiliwa na mifumo hii mitatu angali mdogo. Akikwama, huitwa zuzu.

Kwa maoni yangu, mwalimu aanze kwa macho na masikio ya mtoto. Kisha amsikilize akisimulia hadithi kwa Ekegusii. Anayesimulia vyema, na amefundishwa ipasavyo, lakini hawezi kutenga silabi wala kuzisoma hata katika Kiswahili chenye tahajia nyepesi, huyo ahitaji msaada maalum, si kiboko.

Kenya ilianzisha vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum mwaka 1986. Hata hivyo, Orton hakungoja wazazi wasafiri hadi hospitalini kwake. Yeye ndiye aliyefunga safari kwenda wilayani kwao. Wapimaji wetu nao hawana budi kupanda vilima vya Nyamira, kabla mtoto hajakata tamaa na kuacha shule.